Oili ya difu mlangoni kwa Bi Mastura

"Liondoe gari lako sasa hivi! Harufu hiyo imeniingilia vitumbuani, wateja wanaziba pua!"

Bi Mastura amesimama kibarazani, mwiko mkononi, kanga kaifunga kibwebwe. Majirani wa Barabara ya Kumi na Tatu, Ngamiani, hawangoji kuitwa. Kila dirisha limetoa kichwa.

Uvunguni mwa pikapu inaonekana miguu miwili tu. "Shikamoo, Bi Mastura," inasema.

"Sitaki shikamoo ya uvunguni!"

Miguu hiyo ni ya Kristofa, fundi magari, Mshambaa wa Mlalo. Anabadilisha oili ya difu, zile gia za ekseli ya nyuma, katika pikapu ya Mzee Zubeiri, mchuuzi wa machungwa ya Muheza. Oili ya zamani imekwisha kutoka.

"Difu ni kavu, mama," anasema akijitokeza. "Nikilisogeza hata hapo kona, meno ya gia yatasagana."

"Basi jioni namwendea Mzee Shekhe. Nyumba uliyopanga ni yake, akuhamishe!"

Hapo Kristofa anaweka spana chini. Chumba atapata popote, hata Chumbageni. Lakini uwanja huu wa mbele, ulio sawa, jeki haiyumbi, na wenye magari wameshauzoea, ndio riziki yake tangu alipoacha gereji ya shamba la mkonge mwaka 1953.

"Nikitoka hapa naanza upya," anasema polepole. "Na Bertha, mke wangu, anashuka kutoka Mlalo mwezi ujao. Nimpeleke wapi?"

Kazi yenyewe ina adabu zake. Kwanza huliendesha gari hadi Usagara na kurudi, difu ipate moto, oili iwe nyepesi. Ubaya wake, ikipata moto ndipo inaponuka. Kisha, kabla ya kumwaga tone, hulegeza bolti ya tundu la kujazia oili.

"Ukimwaga kwanza, halafu ya kujazia ikagoma, umemfunga mtu na gari lake," anaeleza. "Leo imefunguka bila ugomvi."

"Si kama jirani," anatia neno Mzee Zubeiri, aliyekaa kando akingoja pikapu yake. Watu wanacheka. Bi Mastura hacheki.

Kristofa anavuta karai la oili chafu, nyeusi tii. Mchangani hamna hata doa.

"Mama, zile nguzo za ua wako, mchwa wamefika wapi?"

"Wamekula mpaka wamevimbiwa. Yakuhusu nini?"

"Ukizipaka hii hawasogei. Harufu inayokukimbiza wewe, na wao inawakimbiza."

"Unanilinganisha na mchwa?"

Barabara nzima inaangua kicheko, na safari hii mwiko unashuka.

Kristofa anajaza oili mpya, nzito kama asali, mpaka inachungulia tunduni. Anakaza bolti, na Mzee Zubeiri anashika njia ya Muheza. Fundi anabeba karai hadi uani, anapaka nguzo moja moja kwa kitambaa. Bi Mastura yuko nyuma yake: "Hapo umeruka! Na pale chini!"

Nguzo ya mwisho ikiisha, anatoa hukumu. "Kwa Mzee Shekhe siendi. Ila magari yanayonuka ni alasiri, vitumbua vimekwisha. Tumesikizana?"

"Tumesikizana, mama." Kristofa anatabasamu. Ana hamu ya kuezeka bati dogo pale uwanjani, masika yasimfukuze, na Bertha apate kivuli cha kuuzia ndizi za mlimani.

Ananawa kwa majivu na sabuni, anaaga.

"Waenda wapi na mikono umeshanawa?" Bi Mastura anafunua pazia la mlango. "Wali umeshapakuliwa. Pita ndani, mwanangu, ule."