Kasula Nimeshashona, Mwanangu Anataka Kuwa Bruda

Mwanangu amekataa upadri! Mhariri, nisamehe nimeanza bila salamu, lakini limenikaa kooni. Hamjambo wasomaji? Jina langu lifiche, ingawa hapa Hombolo watanijua kwa majivuno tu.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na moja, mkulima wa zabibu. Shule niliishia darasa la nne, lakini nimesomesha. Mwanangu huyu amemaliza kidato cha sita seminari ndogo, na seminari kuu wameshampokea. Mpole, mrefu, akiimba zaburi hata walevi wa kilabuni wananyamaza. Kijiji kizima kinaniita Mama Padri, na mimi naitika.

Siku hizi vitambaa vimejaa madukani, si kama zamani tulivyopanga foleni. Nikanunua cheupe kinachong'aa, nikampelekea fundi mmoja mzee pale Makole anishonee kasula, lile vazi la kusomea misa. Akauliza, "Mwenyewe anapewa lini daraja la upadri?" Nikasema bado miaka kama minane hivi. Akacheka mpaka miwani ikadondoka. "Mama, umenunua mbeleko na mimba haijaingia!"

Wiki iliyopita mwanangu alikuja, nikamvika. Imemkaa! Nikapiga vigelegele. Yeye akaivua taratibu, akaikunja.

"Mama, siendi seminari kuu. Nimeomba kwa watawa, wale mabruda. Nitawalimia shamba lao la mizabibu."

"Bruda anasoma misa?"

"Hasomi, mama."

"Basi mizabibu si hii hapa nyuma ya nyumba? Kilatini chote kile ili ukashike mkasi wa kukatia matawi?"

Akainama. "Altareni naona watu wananitazama mimi. Kwenye mizabibu ndiko ninakosali. Na kupogoa nimefundishwa na wewe."

Hilo ni kweli, Hombolo nzima hakuna anayepogoa kama mimi. Lakini nimekasirika! Siku tatu sijampikia, anakula kwa shangazi yake. Mabruda wanataka mzazi amlete mtoto, amkabidhi kwa mkono wake. Baba yake ni marehemu, nimebaki mimi. Naye amesema bila mimi haendi, wala seminari kuu hakanyagi.

Wazazi wenzangu, mngekuwa mimi mngemshika mkono mkampeleka, au mngekaza? Na watu niwaambie nini? Sherehe ya kumuaga padri niliitangaza mwenyewe kanisani. Dume la ng'ombe limeshafungwa, mtama wa pombe umeshalowekwa, na Jumapili ya Pentekoste, baada ya misa ya pili, wote wanakuja kwangu.