Silinda Hedi Yangu Ilivyokwenda Majimoto

Niliondoka Mpanda kwa wivu, sina haja ya kuwadanganya. Kasiano, mfuga nyuki wa Inyonga anayeunda ndege ndogo ndani ya bani lake la zamani la kukaushia tumbaku, alinipa kazi ya kumchongea silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini. Nimemaliza, nasubiri sifa, ananipigia simu kwamba Masanja wa Majimoto naye ametengeneza ya kwake, kwa kusubu. Nilete yangu huko Majimoto zilinganishwe, achague moja. Masanja tena! Tulijifunza ufundi benchi moja. Mimi nachonga kwa mashine kutoka bonge zima. Yeye anayeyusha aluminiamu na kuimimina kwenye mchanga, kazi ninayoiita kupika uji.

Asubuhi nilipanda gari, hedi nimeifunga kwenye khanga ya mke wangu, nimeipakata. Upande mmoja niliuacha bila kuuchonga, makusudi. Bonge nililonunua kwa muuza skrepa wa sokoni lilikuwa na alama pale: duara lenye mikia miwili. Muhuri wa kiwanda huo, nilijiambia, na Masanja auone. Sitalike abiria walichungulia viboko mtoni. Mimi nilikuwa natafuta maneno ya kumwambia.

Kibaoni gari lilisimama watu wanunue mchele. Mama niliyekaa naye akauliza kama nimebeba mtoto. Nikamwambia ni kitu cha ndege. Akasema kumbe nafanya kazi kwa Masanja, kijana anasifika huyo. Nikageukia dirishani mpaka mwisho wa safari.

Majimoto nilimkuta Kasiano ameshafika, yuko uani kwa Masanja. Hedi ya Masanja ilikuwa juu ya gunia. Jamani, ilikuwa nzuri. Mapezi ya kupozea injini membamba, yamekaribiana, mashine yangu haifiki huko. Roho iliniuma. Nikasema vitu vya kumimina huwa na vitundu ndani, itavuja. Masanja akacheka, akaziba matundu ya boliti na valvu, akaunga pampu ya baiskeli na kuizamisha hedi kwenye beseni la maji kama tyubu inayotafutwa pancha. Niliinama nikiomba kije kiputo hata kimoja. Hakikuja. Ya kwangu nayo haikuvuja.

Kasiano alizigeuza sana mikononi, kisha akachagua yangu. Alisema imenyooka zaidi pale inapokalia silinda. Kichwa kikavimba. Nikageuza ule upande, nikawaonyesha muhuri.

"Hii ni ya kiwandani," nikamwambia Masanja. "Siyo uji."

Masanja alikuwa anafungua zizi, ng'ombe wa baba yake wanarudi. Wakapita mbele yetu, na kila mmoja pajani ana duara lenye mikia miwili.

"Mabonge ninayoyamimina nayapiga chapa ya nyumbani," akasema Masanja. "Namuuziaga yule wa skrepa wa Mpanda. Kasiano, chukua yoyote. Wote ng'ombe wetu."

Nilirudi Mpanda mshindi, na wivu umezidi ule niliokwenda nao. Hedi nimerudi nayo, kwa sababu Kasiano ameniomba niipunguze uzito, nikwangue kila kisicho na kazi. Upande wenye chapa ndio mzito, na hakuna ambaye angeniuliza. Nilikwangua pande zote, nikafika pale, nikazima mashine. Masanja namwonea wivu mpaka leo. Lakini huku kwetu, ukifuta chapa ya ng'ombe wa mtu, wewe ni mwizi.