Kitanda Namba Tisa

Siku yangu ya kwanza kazini nilivuliwa viatu. Chumba cha kompyuta cha kiwanda chetu cha majani chai, nje kidogo ya mji wa Kericho, kilikuwa na zulia na baridi ya mashine, na vumbi lilikuwa marufuku. Mkuu wa Idara ya Kompyuta, mzee mrefu aliyefunga tai hata Jumamosi, aliitazama soksi yangu yenye tundu, kisha akasema: "Chelangat, mtu akikosea, anakosea mara moja. Kompyuta ukiifundisha kosa, italirudia bila kuchoka. Karibu kazini." Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa na diploma moja na kichwa kikubwa sana.

Nyinyi mnaotembea na kompyuta mfukoni, jueni kwamba yetu ilikuwa moja tu, kubwa kama kabati la nguo. Tuliitumia watu wengi kwa pamoja kupitia terminali, yaani skrini na kibodi visivyoweza lolote vyenyewe. Programu kuu inayogawa mashine kwa programu nyingine ndiyo mfumo endeshi. Huendesha mchakato mmoja, yaani programu moja iliyo kazini, kwa kitambo kidogo sana, ukaukatiza, ukaendesha mwingine, upesi hivi kwamba kila mtu hudhani mashine ni yake peke yake. Hapo kwenye kukatiza ndipo nilipoangukia.

Jani bichi likifika kiwandani halisagwi papo hapo. Hutandazwa kwenye vitanda vya kunyausha, virefu, vya wavu, feni zikipuliza hewa kutoka chini, likakaa saa nyingi mpaka lilegee. Likirundikwa nene mno hupata moto, likawa jekundu na kuharibika. Tulikuwa na malango mawili: la juu kwa matrekta ya shamba, la chini kwa malori ya wakulima wadogo kutoka pande za Kiptere na Kapsoit. Mimi ndiye niliyeandika programu ya kugawa vitanda. Karani wa lango alibonyeza kitufe, programu ikaangalia orodha ya vitanda, ikatafuta kilicho wazi, ikaandika kwamba kimechukuliwa, kisha ikaonyesha namba. Karani akawapigia wapagazi kelele: "Kumi na mbili!"

Kabla ya hapo, ugawaji huo ulikuwa chini ya Mama Auma, msimamizi wa kunyausha. Alitoka upande wa ziwa, na alikuwa ameishi kwenye laini, yaani safu za nyumba ambazo kiwanda huwapa wafanyakazi, karibu miaka ishirini. Siku programu ilipoanza, Meneja wa Kiwanda alisimama katikati ya sakafu akatangaza, "Kuanzia leo hakuna kubishana na kompyuta. Ikisema namba, ni hiyo." Mama Auma alipiga makofi pamoja na wengine. Mimi nilivimba kichwa zaidi.

Mvua zikaja, majani yakazidi, malango yote mawili yakajaa. Asubuhi moja kitanda namba tisa kilikutwa kimepata moto, kina mizigo miwili juu yake. Jani lote likatupwa. Meneja alituita ofisini.

"Mimi niliuliza," Mama Auma alisema. "Nikaambia hawa makarani, hii imejaa. Wakasema kompyuta imesema tisa."

Makarani walitazama sakafu wakasema hawakumbuki. Orodha ya kompyuta ilionyesha mzigo mmoja tu kwenye kitanda hicho. Meneja akanigeukia.

"Programu yako ina kosa?"

"Haina, Bwana Meneja," nikajibu, bila hata kuifungua.

Mama Auma aliachishwa kazi siku ileile, kwa kuacha mizigo miwili irundikwe. Na kwa kuwa nyumba ya laini huenda na kazi, akapewa wiki moja ahame na watoto wake watatu.

Jumamosi alasiri nilikwenda kwake. Sijui nilitaka nini. Nadhani nilitaka anigombeze ili nipumue. Nilimkuta akipanga sufuria ndani ya katoni. Badala ya kunifukuza alinipa uji, na hilo liliniuma kuliko matusi.

"Mama, zamani jambo kama hili halikuwahi kutokea?"

"Haikuwahi, nyathina, mtoto wangu. Nilikuwa na kibati moja tu, inaning'inia kwa msumari. Ukitaka kitanda, unachukua kibati kwanza. Ndio uende kuangalia. Ukishaandika kwa ubao, unarudisha. Kama kibati haiko, unangoja."

"Kwa nini wasiangalie kwanza?"

Alinitazama kwa huruma. "Wewe ukiangalia, na mwenzako anaangalia. Nyinyi wote mnaona ile moja iko wazi. Si mtaingia wote?"

Niliweka kikombe chini. Programu yangu iliangalia kwanza.

Jumapili, Mungu anisamehe, sikwenda kanisani. Niliwasha terminali mbili, nikaongeza kituo kifupi kati ya kuangalia na kuandika, kisha nikabonyeza huku na huku. Zote mbili zikanipa kitanda kimoja. Na aliyeandika mwisho alimfuta aliyemtangulia, ndiyo maana orodha ilionyesha mzigo mmoja. Nililia pale peke yangu.

Dawa ilikuwemo kwenye kitabu cha mashine, katika sura niliyoiruka kwa kujidai. Inaitwa semafo. Ni namba inayotunzwa na mfumo endeshi wenyewe. Mchakato ukitaka kugusa orodha, unaiomba semafo kwanza: ikiwa moja, inageuzwa sifuri na mchakato unaingia, ikiwa sifuri, mchakato unalazwa kwenye foleni. Aliye ndani akimaliza anaiachilia, na aliyelala anaamshwa. Kule kutazama namba na kuigeuza ni tendo moja lisilokatizwa na mchakato mwingine, na hapo ndipo penye nguvu yake. Ila ole wako usahau kuiachilia, maana wote watangoja milele. Nilihitaji mistari miwili tu: mmoja kabla ya kuangalia, mmoja baada ya kuandika.

Jumatatu nilimweleza Mkuu wa Idara.

"Wewe bado uko probesheni, hujathibitishwa kazini," alisema polepole. "Ukitengeneza kimya kimya, nani atajua?"

"Na Mama Auma, mzee?"

Alivua miwani, akaipangusa kwa tai yake. "Basi nenda useme. Nitakuwa nyuma yako."

Meneja alikuja akasimama juu ya zulia letu, naye bila viatu, akaona namba moja ikitoka mara mbili.

"Uliniambia haina kosa."

"Nilisema kabla ya kuangalia, Bwana Meneja."

Aliagiza Mama Auma aitwe. "Mama, rudi kazini leo. Kosa halikuwa lako. Huyu msichana ndiye anayeondoka."

Mama Auma alinitazama, kisha akamtazama yeye. "Meneja, hapa watu wengi wamenyamaza. Ni huyu peke yake amesema. Sasa ukifukuza yeye, hao wengine watajifunza nini? Wacha atengeneze hiyo kitu yake."

Sijawahi kutetewa vile na mtu niliyemkosea, na sidhani kama nilistahili. Sikufukuzwa. Niliongezewa muda wa probesheni, nikatengeneza, kisha nikapelekwa kiwanda kidogo upande wa Bomet. Nilikaa huko miaka mitatu nikijifunza kuuliza watu wa sakafuni kabla ya kushika kibodi. Baadaye nilirudishwa, na mwishowe nikawa Mkuu wa Idara mwenyewe. Kila mwanafunzi wa programu aliyekuja kwangu alianza na wiki moja ya kutandaza majani. Walinung'unika sana, nami niliwaacha wanung'unike.

Sasa nimestaafu, nina ng'ombe wawili na magoti mabovu. Vijana huniuliza ni programu gani ilinitesa kuliko zote, wakidhani nitataja jambo kubwa. Lile la semafo nililirekebisha kwa mistari miwili. Neno "haina" ndilo ambalo bado huniamsha nikitafuta namna ya kulirudisha kinywani.

Mama Auma aliishi katika nyumba ile mpaka alipostaafu, na watoto wake wote watatu walimalizia shule hapo. Siku ya kumuaga walinikumbatia, wakaniita shangazi. Mama yao hakuwahi kuwaambia zile katoni zilikuwa za nini, wala ni neno la nani lililokaribia kuwahamisha.