Viatu vya Mpira Mlangoni

Karakana yetu mjini Tanga ilikuwa na ubao mrefu ukutani, umejaa majina ya vitu: shaba, chuma, risasi, maji ya chumvi, kaure, kioo, mti mkavu, mpira. Mbele ya kila jina fundi mkuu aliandika kama kitu hicho kinapitisha umeme au hakipitishi. Ilikuwa miaka ya hamsini, na vitabu vya mambo hayo alikuwa navyo yeye peke yake. Sisi mafundi wadogo tukiwa na shaka, tunatazama ubao.

Mimi nilikwisha kuuhifadhi wote, na nilijisifu, wallahi, mpaka watu wakanichoka. Mwenzangu wa kazi, kijana wa Kisambaa kutoka milima ya Amani, ndiye aliyenivumilia. Alikuwa Mlutheri, mpole, na kila Jumapili alipiga tarumbeta kanisani. Umeme ulimpa mshahara tu. Roho yake ilikuwa kwenye lile tarumbeta, hata njiani vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vikicheza hewani.

Siku moja tulitumwa mtaa wa Usagara, kwa bibi mmoja mjane aliyetaka kuongezewa taa ukumbini, mjukuu wake anaolewa. Tukapiga hodi. "Karibuni, wajukuu zangu!" Tukamwamkia shikamoo. Kwa ajili yetu alikuwa ametoka kupiga deki, sakafu ya saruji inang'aa kwa maji, na mkeka mpya ameutandika pembeni. Mwenzangu akainua mguu aingie na viatu vyake vya kazi, vile vya soli nene ya mpira.

"We!" nikamshika bega. "Watu wa mlimani nyinyi, mnaingia majumbani mwa watu kama mnaingia shambani?"

"Mwache, baba," bibi akasema. "Ingieni navyo tu, kazi ni kazi."

Hapo ndipo ningenyamaza. Bibi ndiye mwenye nyumba, na ruhusa ametoa. Lakini mimi mtoto wa pwani, nifundishwe adabu kwetu? Nikamwambia mwenzangu, "Ukifika kwa wenye chongo, vunja lako jicho." Akacheka, akainama, akafungua kamba. Viatu vyake akavipanga mlangoni vizuri kabisa, sambamba na vyangu.

Mpira, haupitishi. Saruji yenye maji, inapitisha. Nilikuwa nayajua hayo kuliko jina la babu yangu.

Umeme tulikuwa tumeukata kwenye swichi kubwa. Kumbe fundi aliyetutangulia alipitisha waya mwingine kwa mlango wa nyuma, usiopita kwenye swichi ile, na huo ulikuwa hai. Mwenzangu aliponyoosha mkono ukutani, akiwa peku kwenye yale maji, nilisikia sauti ambayo mpaka leo siwezi kuieleza. Mkono ukang'ang'ania waya. Nikanyakua mchi wa bibi kwenye kinu, mti mkavu, nikampiga nao mkononi mpaka akaachia.

Alipona, Alhamdulillahi. Lakini vidole vitatu vya mkono wa kulia vilikunjamana, na havikunyooka tena. Fundi mkuu alipouliza kwa nini alivua viatu, mwenzangu alinitazama kidogo, kisha akajibu, "Nilijisahau." Akaachishwa kazi. Mimi nikatazama chini, nikaendelea kukunja waya. Mtu mzima ovyo! Nilijichukia, na bado najichukia.

Pasaka iliyofuata alinialika kwao, ati nikasikie tarumbeta. Ningekataaje? Asubuhi bendi ya kanisa ilijipanga uwanjani. Nikamtafuta mwenzangu kati ya wapigaji, simwoni. Alikuwa amepiga magoti mbele yao, amemshikia kijana mwingine kitabu cha nyimbo, na kwa mkono wa kushoto anamfungulia kurasa. Tarumbeta alilopiga kijana yule lilikuwa lake. Uso wake ulikuwa na furaha, na hilo ndilo lililonimaliza. Bora angenuna.

Baada ya ibada akanipeleka kwa mama yake, mama mtu mzima, mgongo umeinama. Nikamwamkia. Akanishika bega, akanitazama machoni.

"Ndiwe wewe," akasema. "Mwanangu ameniambia. Kwamba huko mjini ulimfundisha kuishi na watu, na kwamba siku ya ajali ni wewe uliyemtoa kwenye mauti. Mungu akubariki, baba. Wengine hawana hata ndugu kama wewe."

Nikamgeukia mwenzangu, nikitumaini atasema neno, atanitukana hata kidogo. Alikuwa anatabasamu.

Mama akaingia bandani, akatoka na jogoo mkubwa amefungwa miguu, akanikabidhi. Zawadi ya mzee hupokewa kwa mikono miwili. Nikaitoa yangu yote miwili, mizima, nikampokea.