Maswali Niliyomsomea Mhandisi

Niliitwa kuwa rais siku ya Alhamisi, nikiwa naosha gari la bosi wangu huko Al Khuwair. Rais wa kigingi, aliyeishi nchi jirani, alikuwa amefika Maskati na alitaka kuniona jioni ile. Nilidhani nimekosea jambo. Kesho yake nilikuwa rais wa tawi.

Vijana mnaniuliza nilisomea wapi. Sikusomea popote. Sisi Wamormoni hatuna mchungaji wa mshahara. Kusanyiko dogo huitwa tawi na huongozwa na rais. Likikua huwa kata, na kiongozi wake ni askofu. Kata na matawi kadhaa hufanya kigingi. Kila kiongozi ana washauri wawili, na kina mama wana rais wao, ambaye kwetu alikuwa muuguzi Mfilipino asiyetaka mchezo. Kazi hiyo huiombi. Unaitwa, waumini wanainua mikono kukubali, unawekewa mikono kichwani, unaanza. Tulikutana Ijumaa, kwa kuwa Maskati Jumapili ni siku ya kazi kama nyingine.

Siku yangu ya kwanza mikono iliinuliwa, na wa mwisho kuinuka ulikuwa wa bosi wangu. Naye alikuwa mwumini wa tawi lile. Ofisini tulimwita Mhandisi. Siku tano nilimfungulia mlango wa gari, na ya sita alikaa kwenye kiti akinisikiliza. Wote wawili tuliona haya, lakini mimi, niseme ukweli, nilifurahi pia.

Bwana Nassor, aliyeshughulikia viza zetu, mtu wa familia ya Unguja, alinipokea ofisini kwa utani. "Nnasikia umekuwa rais," aliniambia, "na wala hukumpindua mtu." Nilimjibu kwamba baraza langu la mawaziri lina mpishi mmoja na fundi wa friji.

Lakini kulikuwa na jambo lisilochekesha. Mhandisi alikuwa amezifungia kabatini pasipoti za madereva wote saba, ingawa hakuwa na haki hiyo. Aliyetaka kusafiri alimwomba yeye. Mama yangu alikuwa mgonjwa Ukambani, nami niliomba mara mbili. Mara zote alisema nisubiri mradi uishe, na mradi ule haukuwa na dalili ya kuisha. Niliogopa mama atazikwa bila mimi.

Basi kibali cha Mhandisi cha kuingia hekaluni kikaisha muda. Hekalu ndiyo nyumba yetu takatifu kuliko zote, na Oman halipo. Anayetaka kuliingia huko ng'ambo lazima awe na kibali. Ili akipate, hukaa faraghani na rais wa tawi na kujibu maswali yaliyopangwa, kisha huenda kwa viongozi wa kigingi. Swali moja linahusu uaminifu wa mtu katika shughuli zake na wenzake.

Nilikosa raha wiki nzima. Nikiliruka swali lile, nimeusaliti wito wangu. Nikiliuliza, huenda nikapoteza kazi. Na moyoni mlikuwa na baya zaidi: nilitamani kumkomoa. Nilikwenda Sib kwa rais aliyenitangulia, daktari wa meno, nikamweleza hofu yangu bila kumtaja mtu.

"Maswali si yako," aliniambia. "Yasome yote kwa sauti ile ile, usiongeze hata neno. Halafu nyamaza."

Ijumaa Mhandisi aliketi mbele yangu, meza ikiwa katikati. Niliyasoma. Nilipofika kwenye lile, nililisoma kama mengine, nikanyamaza. Alichojibu sitakisema hata leo, kwa kuwa ya chumba kile hayatoki. Vijana, mkiitwa, shikeni hilo kuliko yote.

Nitasema la nje tu, ambalo kila mtu aliliona. Jumapili asubuhi Mhandisi alimwomba Bwana Nassor ufunguo wa kabati. Alipita kwa madereva mmoja mmoja, akimpa kila mtu pasipoti yake mkononi. Aliponifikia, alinipa yangu kwa mikono miwili.

"Nilikukosea," alisema. "Nenda kwa mama."

Nilimkuta mama akiwa hai. Nilikaa naye wiki tatu, na alinitambua kila siku. Furaha ile sijapata nyingine ya kuizidi.

Miaka mitano baadaye nilipumzishwa urais. Mikono iliinuliwa tena, safari hii ya shukrani, na Ijumaa iliyofuata nilikuwa nafundisha watoto kuimba. Watu wa nje walinionea huruma, wakidhani nimeshushwa cheo. Kwetu cheo ni zamu. Wito unapita, na unaweza ukamrudia mtu ukiwa na jina jingine.

Udereva niliustaafu mwaka jana. Siku ya kuondoka Mhandisi alinikataza kuita teksi, akaendesha yeye mwenyewe hadi uwanja wa ndege. Alinifungulia mlango wa nyuma; nikaufunga, nikakaa mbele kando yake. Tulipofika alibeba sanduku langu zito kuliko yote, akasimama nalo mlangoni.

"Rais," aliniuliza, "pasipoti unayo?"

Nikajipiga mfukoni. "Ninayo," nikamwambia, "tangu Jumapili ile."