Ukoo wa Mzee Guyo Ulipopaa

Nicheke tu. Wakati wa vita vya Shifta, kwenye kila kizuizi cha barabarani askari walitushusha na mizigo. Kwa hiyo, studioni kwangu Isiolo, nilichagua kamera nyepesi ya mbao, ya kukunja, nikaifunga lenzi nzito kama jiwe la kusagia.

Nilipofika Garbatulla nikajifunika kitambaa cheusi, nimpige picha Mzee Guyo na ukoo wake. Kwenye kioo cha kamera watu huonekana miguu juu, kichwa chini. Subhanallah, walivyopendeza! Mara vichwa vikaanza kuteremka polepole. Kioo hugeuza kila kitu. Basi hawa walikuwa wanapaa! Nikatoa shahada kwa sauti.

Mzee Guyo akanifunua. Lenzi ilikuwa imeinama kwa uzito wake, inatazama mchanga.

"Sisi tuko hapa tu, kijana," akasema. "Ni kamera yako imesujudu."