Mgonjwa wa Kotile

Keynan alipoajiriwa katika kampuni ya pampu za sola mjini Garissa, hakuna aliyemuuliza maswali mengi. Abti yake, yaani mjomba wake Kerrow, alikuwa fundi mkuu pale tangu karakana ikiwa banda la mabati matupu. Alimwendea mkurugenzi, Bi Barwaqo, akamwambia kwamba mtoto wa dada yake amemaliza diploma ya umeme Nairobi na ni kijana mzuri.

"Ukimdhamini wewe, Kerrow, mimi sina la kuongeza," Bi Barwaqo alisema, akampa kijana kipindi cha majaribio.

Kerrow alilichukua neno hilo kama amana. Keynan yeye aliona amepewa tu kilicho chake.

Kazi aliijua, hilo hakuna aliyelikana. Lakini kichwa kilikuwa kimemvimba. Asubuhi wenzake walipofagia karakana, yeye alisimama mlangoni na simu yake. Chai ya birika moja hakunywa nao. Aliagiza yake hoteli ya jirani. Na ilipovuma kwamba kampuni ingefungua tawi Ijara na ilitafuta msimamizi, alianza kuwatangazia mafundi, nusu mzaha nusu kweli, akishaupata usimamizi huo angemchukua nani na kumwacha nani. Sake, binti wa Kiborana kutoka Wajir aliyeingia kazini wiki moja naye, alimsikiliza huku akiendelea kukunja nyaya. Kerrow alimvuta Keynan kando akamwambia kazi mpya ni kama nyumba ya ukweni, huingiwa kwa adabu. Keynan akacheka.

Kisha ikaja safari ya kijiji cha Kotile. Kiangazi kilikuwa kimekaza na pampu ya kisima ilikuwa imekufa. Walifika jua likiwa utosini, mbuzi wakilia kando ya hori kavu. Mabomba ya chuma yalitakiwa yashushwe na kubebwa hadi kisimani, maana gari lisingeupita ule mchanga. Kerrow, ambaye mgongo ulikuwa unamsumbua siku hizo, alimwita mpwa wake. Keynan hakushuka. Aliteremsha kioo kidogo tu, ubaridi wa kiyoyozi usitoroke.

"Abti, mimi sikusomea kubeba mabomba," alisema, na watu wakasikia.

Wanaume wa kijiji walikuwa mbali na ngamia. Wanawake waliokuja na mitungi ndio walioyabeba, wawili wawili, wakisaidiana na Sake na Kerrow mwenyewe. Mmoja wao alikuwa Maka, ajuza wa kamati ya maji. Alipoutua upande wake wa bomba, alilitazama gari, akamuuliza Kerrow yule kijana ana nini hata amejifungia ndani peke yake.

Kerrow naye alilitazama gari. "Anaumwa," akasema.

Heri angemtukana. Keynan alilisikia neno lile kupitia upenyo wa kioo, na kabla hajajua afanye nini, Maka alikuwa ameshaufungua mlango, mkononi ana kikombe cha maziwa ya ngamia, katika ukame ule ambao hata watoto walipewa kwa kupimiwa. Alimwekea kiganja kwenye paji la uso, kiganja chenye kutu ya bomba, akamsomea Fatiha na dua ya mgonjwa. Hapo Keynan angeweza kusema ukweli. Badala yake alifumba macho, akaitikia amina, akanywa maziwa.

Pampu ilipoanza kuvuta maji, walirudi Garissa.

Maka alikuwa na namba ya Kerrow. Kila alipopiga kueleza habari za pampu, aliulizia pia hali ya mgonjwa wao, na kwa kuwa mikono ya Kerrow ilikuwa na grisi na simu aliiweka spika, karakana nzima ilisikia. Mafundi wakaanza kumwita Mgonjwa. Kicheko chao Keynan angekivumilia. Kilichomla moyo ni kwamba Kerrow hakucheka wala hakumkemea. Alijibu tu, "Alhamdulillahi, anaendelea vizuri," kisha akainamia kazi yake. Mtu ambaye mji mzima ulimjua kwa ukweli wake alikuwa akimdanganya ajuza wa watu, tena na tena, kwa ajili yake.

Keynan akaanza kuwahi asubuhi na kushika ufagio. Wenzake walitazamana, wakidhani anaiwinda nafasi ya Ijara, wala hakuweza kuwalaumu.

Majaribio yalipoisha, Bi Barwaqo alimwita ofisini, akamwambia msimamizi wa Ijara atakuwa Sake, na yeye hatathibitishwa bado, ataongezewa muda.

"Ufundi wako sina shida nao," alisema. "Lakini nikikutuma kijijini, wewe ndiye kampuni. Kotile walinipigia kushukuru, kisha wakaniuliza mbona nawatuma vijana wagonjwa safari ndefu."

Bi Barwaqo akaendelea kusema kwamba Ijara ilihitaji fundi mwingine, na alikuwa amemuuliza Kerrow kama ana mtu. Kerrow alisema hana.

Qali, binti wa kumzaa Kerrow, alikuwa na diploma kama yake, yuko nyumbani, mwaka wa pili akitafuta kazi.

"Ana Qali," Keynan alisema.

"Najua ana Qali. Nangoja aseme mwenyewe."

Keynan alimkuta Kerrow nyuma ya karakana akitawadha kwa sala ya adhuhuri. Alimwomba radhi, kisha akamsihi amtaje binti yake. Kerrow alifunga bomba la maji.

"Nilishasema mara moja kwamba nina kijana mzuri," alisema taratibu. "Kwa mdomo huu huu, nitasemaje tena?"

Keynan aliomba simu, akampigia Maka. Alimwambia, "Ayeeyo, bibi yangu, siku ile sikuwa mgonjwa. Nilikataa tu kufanya kazi." Maka alisema maziwa yale yalikuwa ya mjukuu wake. Akamwombea Mungu amwongoze, akakata, na tangu hapo akawa anapiga kwa habari za pampu tu.

Kerrow hakumtaja Qali. Binti mwenyewe aliomba kazi kwingine, akaipata Takaba, mbali kabisa upande wa Mandera, akaenda. Keynan alikuja kuthibitishwa baadaye, fundi wa kawaida, chini ya Sake. Habari hiyo hakuipeleka nyumbani kwa furaha. Ijumaa bado huenda kula kwa abti yake, wala hakuna anayemnyima pilau. Mke wa Kerrow huuliza kama barabara ya Mandera ni salama wiki hii, na Qali atapata likizo lini. Kerrow humjibu kwamba labda baada ya Ramadhani. Keynan hula akiwa ameinamia sahani.